Pasipoti ya Kabatini

Bi Icilda Farquharson ana kabati la vioo sebuleni kwake Mandeville ambalo watu wanaliogopa kuliko mbwa wake. Ndani mna sahani zenye ukingo wa dhahabu, vikombe vyake, na bakuli la supu ambalo halijawahi kuona supu. Ufunguo anauvaa shingoni hadi kanisani. Mimi ni jirani yake, Vernetta Brissett, Netta kwa wanaonipenda, na miaka yote hii ninapokwenda kunywa chai kwake nimenyweshwa kwenye kikombe cha plastiki.

Tulikwenda Kanada tukiwa wasichana. Yeye akawa muuguzi wa wodi ya wazazi, mimi nikaendesha basi la abiria Toronto, na tulipostaafu tukarudi kwetu Jamaika tukiwa raia wa huko na wa huku. Tofauti yetu ni moja tu. Mimi vitu vyangu navitumia.

Pasipoti yake ya Kanada aliiweka humo kabatini, imefungwa kwenye leso, leso ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya bakuli lile la supu. Akienda Florida kumwona dada yake alitumia ile ya Jamaika, yenye viza ya Marekani, iliyochakaa mpaka pembe zimekunjamana. Ile ya Kanada ilikuwa ya heshima. Ilikuwa inangoja siku kubwa.

Siku kubwa ikaja. Danique, mjukuu wake, anaolewa Toronto, Jumamosi ya Pasaka, kwa kuwa wikiendi hiyo ndugu wote wana likizo. Danique alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, na Icilda ndiye aliyemlea, akirudi kutoka kazini alfajiri na kumsuka nywele kabla yeye mwenyewe hajalala. Na kule milimani tulikozaliwa, keki ya harusi haiingizwi ukumbini na mhudumu aliyekodiwa. Hufunikwa lesi nyeupe, ikabebwa kichwani na mama wa bibi harusi, na kama mama hayupo, bibi yake. Mbebaji hasemi neno tangu anapoinyanyua hadi anapoitua, na hakuna mtu baki anayeiona kabla ya hapo. Danique alizaliwa kwenye baridi ya Kanada lakini hilo alilitaka. "Bibi, usipoibeba wewe," alisema kwenye simu, "itaingia bila mtu wangu."

Icilda akaloweka zabibu kwenye ramu tangu Krismasi. Akaoka keki nyeusi mbili, kubwa na ndogo ya kukaa juu, akazivika lesi na kuziweka ndani ya boksi la kofia yake ya kanisani, kofia yenyewe akaivaa. Alhamisi Kuu tukafika uwanja wa ndege wa Montego Bay, mimi nikiburuta masanduku, yeye akiwa amelikumbatia boksi.

Binti wa kaunta alifungua pasipoti ya Icilda akatabasamu. "Mpya kabisa, mama. Inanukia hata sabuni." Kisha akaitazama tena, na tabasamu likaondoka. "Mama, hii muda wake umeisha. Tangu Novemba."

"Haiwezekani," Icilda akasema. "Sijaitumia hata mara moja."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Ndivyo alivyo Icilda, na ndivyo walivyo wanawake wote niliokulia nao. Kwetu kitu kizuri hakiguswi, na kisichoguswa tunaamini hakizeeki.

"Mama, hata usipoitumia inaisha," binti akasema kwa upole.

"Basi nitaingia na ya Jamaika."

"Una viza ya Kanada kwenye ya Jamaika?"

"Viza ya nini? Mimi ni raia wa Kanada!"

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Raia hapewi viza ya nchi yake. Na mwenye pasipoti ya Jamaika hapandi hii ndege bila viza."

Mimi uvumilivu ukanishinda. "Kwa hiyo akiwa mgeni hawamtaki kwa sababu ni mwenyeji, na akiwa mwenyeji hawamtaki kwa sababu hana kitabu? Nani alikaa akatunga hiyo? Mleteni hapa!"

"Bi Netta," Icilda akasema, "mtoto wa watu yuko kazini. Usimpigie kelele."

Yule binti, Mungu ambariki, alipiga simu huku na huku. Ubalozi wa Kanada uko Kingston, upande wa pili wa kisiwa, nao ulikuwa unafunga hadi Jumanne kwa sababu ya Pasaka. Jumanne Danique angekuwa ameshaolewa, ameshavua gauni, na keki imeingizwa na mhudumu.

"Cheti chako cha uraia je?" nikamuuliza.

"Kilikwenda na kimbunga kile kilichong'oa paa. Nawe ulikuwepo, ulisaidia kuokota mabati."

Tukakaa kwenye viti. Ndege yetu ikaondoka bila sisi. Nasema "sisi" ingawa pasipoti yangu ilikuwa hai, huwa naiweka kwenye droo moja na bili za umeme, na ningeweza kupanda. Icilda aliniambia nipande. Nikamwambia asinitukane.

Danique alipopigiwa alilia. "Tuahirishe, Bibi. Watu wataelewa."

"Uthubutu tu!" Icilda akasema. "Ukumbi umelipwa, watu wametoka hadi Uingereza, uahirishe kwa sababu ya ujinga wa mwanamke mmoja na kabati lake? Jumamosi utaolewa. Nami nitakuja."

"Utakujaje?"

"Hilo niachie mimi."

Akakata simu. Nikamwuliza na mimi, utakujaje? Akakaa, mikono juu ya boksi. Nimemwona akikaa vile zamani, enzi zile nikimpitia na basi langu asubuhi, baada ya usiku mbaya wodini. Haombi na halii. Anatafuta.

"Netta," akasema, "unamkumbuka Dada Olga?"

Nani atamsahau Olga? Enzi za Toronto, kanisa letu lilikuwa likikodi basi twende Buffalo, ng'ambo ya mpaka, kununua mashuka na viatu vya watoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Safari moja, tunarudi, Olga akagundua hana karatasi yoyote, mkoba wote kausahau dukani. Alipiga mayowe mpaka mtu akafunga dirisha la basi. Afisa akamshusha, akamhoji, akatafuta jina lake kwenye mashine, akamrudisha ndani ya basi akiwa bado analia.

"Olga alipita," Icilda akasema. "Hakuwa na hata kitabu kibovu kama changu. Ndege inatazama kitabu, Netta. Pale darajani wanamtazama mtu."

"Unataka kwenda Kanada kwa miguu?"

"Nina viza ya Marekani. Tunaruka hadi Buffalo, halafu tunatembea. Wewe magoti yako yanaweza?"

"Magoti yangu yaache."

Niseme ukweli, niliona ni wazimu. Kama afisa hatamkubali, atarudishwa upande wa Marekani na keki yake, jioni ya Ijumaa Kuu, kwenye baridi, katika umri wetu. Lakini nilimtazama na kofia yake ile ya zambarau, nikaona nafuu nipate aibu naye kuliko kufika salama peke yangu.

Tulilala kwa binamu yangu Montego Bay. Alfajiri ya Ijumaa Kuu nikavunja yai, nikatia ute kwenye glasi ya maji kama mama zetu walivyofanya, nione jua litachora nini. Likichora jeneza ni msiba, likichora meli ni safari.

"Icilda, njoo uone! Daraja!"

Akainama akatazama. "Mimi naona yai," akasema, akaenda kupiga mswaki.

Njiani tulikula mkate wa Pasaka na jibini, kwa kuwa Ijumaa Kuu Icilda hagusi nyama hata aanguke njaa. Afisa wa Marekani alimwuliza anakwenda wapi, naye akamweleza yote, kuanzia zabibu. Yule bwana akampigia muhuri kabla hajafika kwenye lesi. Buffalo tukachukua teksi mpaka kwenye daraja la Niagara, na dereva akatushusha na masanduku yetu akitutazama kama watu waliotoroka mahali.

Upepo wa pale hauna adabu. Maporomoko yalikuwa yananguruma upande wetu wa kushoto na kuturushia manyunyu usoni. Mimi niliburuta masanduku yote mawili, gurudumu moja limekufa, nikiwatukana wote waliovumbua mipaka. Icilda alitangulia na boksi lake, mgongo umenyooka, kofia ameifunga skafu chini ya kidevu isiruke. Katikati ya daraja kuna mstari wa mpaka. Alisimama hapo.

"Icilda, nakuomba," nikamwambia nikihema. "Tukifika, ile pasipoti iliyokufa usiitangulize. Mpe stori kwanza. Sema umeibiwa. Watu huonewa huruma."

"Nimeibiwa na nani? Na bakuli la supu?"

"Nakusaidia!"

"Najua, shoga yangu. Lakini nikianza na uongo, hata nikiingia nitakuwa nimeingia kama mwizi. Naenda kubeba keki ya mtoto wangu. Sitaki kuingia kama mwizi."

Akauvuka mstari.

Afisa alikuwa kijana mwenye kilemba cheusi kilichofungwa vizuri, jina lake limeandikwa kifuani, Grewal. Icilda hakungoja kuulizwa. Akaitoa pasipoti kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye leso, akaifungua yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa tarehe na kuiweka mbele yake.

"Imeisha muda, mwanangu. Kosa ni langu. Niliitunza kabatini isichakae. Lakini kilichoisha ni kitabu. Mimi bado."

Grewal akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. "Kwa nini hukwenda ubalozini, mama?"

"Wamefunga kwa Pasaka. Na harusi ni kesho."

Akatuambia tukae pembeni. Akamwuliza alizaliwa lini, aliapishwa uraia wapi, alikaa mtaa gani. Icilda akamjibu polepole, hakuongeza chumvi hata chembe. Akamwambia alifanya kazi wodi ya wazazi, zamu ya usiku, mpaka kustaafu. Nikajisemea sasa huyu kijana atasema alizaliwa hospitali hiyo hiyo, mikononi mwa Icilda, tulie wote tuende zetu. Nikamwuliza.

"Nimezaliwa Winnipeg, mama," akasema. Basi.

Akaenda kwenye mashine yake. Mashine ikachelewa. Nje ya kioo, ng'ambo ya kizuizi, nilimwona Danique, tuliyempigia simu kutoka Buffalo, amesimama na mchumba wake, anaruka-ruka kwa baridi, anapunga mkono. Icilda alimwona pia. Hakupunga. Mikono yake ilikuwa imelishika boksi kwa nguvu. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, na hakuutoa.

Grewal akarudi. "Mama Farquharson, nimekupata. Na ujue kitu kimoja. Raia akishasimama hapa mbele yangu na nimejua ni yeye, siwezi kumfukuza. Ninachoweza ni kumchelewesha tu."

"Basi usinicheleweshe, mwanangu."

Alicheka. Kisha akalitazama boksi. "Humo mna nini?"

"Keki. Ina ramu."

"Ramu kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Itabidi nione."

Nilijua hilo linakuja. Icilda akalivuta boksi kifuani. Mtu baki haioni. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini aliipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na sijawahi kumwona akivunja hata ndogo kuliko hiyo. Nikaanza kusema, "Bwana afisa, kwetu..." Icilda akanizuia kwa mkono.

"Bibi yako yuko hai?" akamwuliza kijana.

"Yuko. Punjab."

"Ukioa, atakuja?"

"Nilioa mwaka jana," akasema. "Hakupata viza."

Icilda akafungua boksi. Akaifunua lesi mwenyewe, kwa vidole viwili, polepole, kama anavyofunua uso wa mtoto mchanga.

"Basi tazama," akasema. "Tazama kama mjukuu."

Harufu ya ramu na mdalasini ikajaa chumba kizima. Grewal aliinama. Hakugusa. Alitazama muda kidogo zaidi ya ule ambao kazi ilihitaji. Kisha akaishika lesi, akairudisha juu ya keki, akaisawazisha pembe moja moja mpaka ikakaa sawasawa.

"Karibu nyumbani, mama," akasema. "Na hiyo pasipoti, Jumanne asubuhi nenda kaibadilishe. Tafadhali."

Nikamnong'oneza Icilda tukielekea mlangoni, "Na ile sheria? Ameiona."

"Ameiona nani? Alikuwa mtu baki alipokuwa anauliza. Alipoifunika hakuwa tena."

Mlangoni akanipa kofia yake niishike. Akaitoa keki kwenye boksi, sinia, lesi na vyote, akainyanyua akaiweka kichwani. Ukumbi ulikuwa bado Toronto huko, mwendo mrefu kwa gari, na mimi nikasema, "Mapema yote hiyo?" Hakujibu. Alikuwa ameshainyanyua.

Danique akaja mbio, machozi na kamasi. "Bibi! Bibi, umefika!"

Icilda akatembea, macho mbele, mkono mmoja juu ya sinia. Mkono wa pili alimpa mtoto. Danique akaanza kuuliza kama anaumwa, kama kakasirika, halafu akatazama juu, akaiona lesi, akaelewa. Akafunga mdomo wake naye, akashika mkono ule, wakatembea hivyo hadi kwenye gari katikati ya watalii na kamera zao. Mimi nyuma na masanduku yangu mabovu. Sikumbuki kama niliwahi kujivunia kumjua mtu namna ile.

Kwenye gari aliipakata. Njia nzima hadi Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, hakusema neno, Bi Icilda ambaye huhubiri hata akisukwa. Katika miaka yote ya urafiki wetu sijawahi kupata raha kama ile. Nilimwambia mchumba wa Danique mambo yote ya Icilda, na mwenyewe hakuweza kunikatiza. Aliniminya paja tu, kwa nguvu.

Ukumbi ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya mapambo. Akaingia, akaitua keki kwenye meza yake, akanyoosha shingo, akasema, "Netta, wewe ni mwongo. Sikuwahi kumpenda yule mpishi wa hospitali."

Harusi ikapita vizuri, gauni, hotuba, mjomba mmoja kalewa kama kawaida. Ikaja saa ya keki. Danique na mumewe wakaikata ile kubwa, watu wakala wakafumba macho. Ile ndogo ya juu, mila ni kwamba haikatwi. Huwekwa, ikangoja ubatizo wa mtoto wa kwanza. Danique akaanza kuifunga, nailoni kwanza, halafu karatasi ya fedha, halafu nailoni tena. Mikono yake ilikuwa mikono ya bibi yake kabisa.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Icilda akauliza.

"Kwenye friza, Bibi. Ya mtoto. Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Icilda aliutazama ule mfuko wa nailoni.

"Nilikufundisha," akasema. "Rudisha mezani."

"Lakini Bibi, mila..."

"Mtoto akija nitaoka nyingine. Nikiwa sipo, Netta ataoka, itakuwa mbaya lakini mtakula. Fungua hiyo. Kata leo, watu wako wote wapo."

Danique akaifungua. Icilda akachukua kipande cha kwanza kwa mkono, hakungoja sahani, akamlisha mtoto wake, kisha akanilisha mimi.

Mwezi wa sita alirudi Mandeville na pasipoti mpya. Aliitupa kwenye droo ya vijiko. Akaniita kwa chai, nikaenda, nikakuta kabati liko wazi na vikombe vya dhahabu viko mezani. Mimi na mikono yangu hii ya usukani, nikaangusha kimoja hata kabla sijaonja. Kikavunjika vipande vipande. Nilishindwa kuinua macho.

"Kaa chini," Icilda akasema, akaniwekea kingine mbele yangu na kumimina chai.